Pikipiki, Mama, na Siku Nne za Pasaka

Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya ofisi iliyoharibika, na nyuma yake niliandika safari nzima kwa wino wa serikali. Ijumaa Kuu, saa kumi na mbili asubuhi, kuondoka nyumbani. Saa mbili, mpakani. Saa sita, Tarime. Saa kumi, kwa dada. Jumamosi, kukaa. Jumapili, kurudi Migori. Jumatatu, Homa Bay. Nilipiga mistari kwa rula, nikakunja karatasi mara nne nikaitia mfukoni, nikajiona mtu mwenye akili sana. Sijawahi kuandika kitu kilichonyooka vile kuhusu jambo nisilolielewa.

Nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, wakati sisi na Tanzania tulikuwa tumeanza kutumia pesa tofauti. Nilikuwa na pikipiki niliyouziwa na Mzungu mmoja wa mambo ya kilimo alipokuwa akifunga virago kurudi kwao. Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Migori, ambako mama aliishi peke yake tangu baba afariki. Na nilikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni mpaka nikawa mzito kuliko mtungi. Yeye aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Shirati, siku zile nchi ile bado inaitwa Tanganyika. Tulikuwa hatujamwona kwa miaka sita. Watoto, shamba, mvua, umbali. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake.

Mwanzoni mwa mwaka ule nilimleta mama hospitali ya Homa Bay kwa sababu alikuwa ameanza kumwaga uji kando ya kikombe. Daktari alimmulika macho kwa kurunzi, kisha akaniita pembeni. Jicho moja limekwisha, akasema, na la pili linafuata. Labda mwaka mmoja, labda usifike. Dawa ya kurudisha nuru hakuna. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi akitazama ukuta, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini tulipotoka nje hakuniuliza daktari amesema nini.

"Wuoda," akaniambia, maana yake mwanangu, "nataka kuuona uso wa dada yako. Nikishauona, basi, giza lije."

Nikamwambia nitamwandikia dada aje. Akakataa palepale. "Ukimwambia habari ya macho atakuja njia nzima akilia kama aliyefiwa. Mimi sitaki kuuona uso unaolia. Nitakwenda mimi, nimkute akipika, nimwone alivyo. Usimwambie."

Basi ndivyo nilivyojikuta nikipanga safari ya nchi za nje, mimi ambaye nchi ya mbali niliyokuwa nimefika ni Kisumu.

Nasema nchi za nje, na hapohapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Mama hakukubali kwamba ni nje ya kitu chochote. "Nje ipi?" aliniuliza. "Nilipokuwa msichana tulikwenda kule kwa miguu kupeleka mtama, tukarudi na samaki. Njia inapita huku ziwani, kwa Muhuru. Hakuna mtu aliyetuuliza neno." Nilimweleza kwamba sasa kuna serikali mbili. Akauliza ni nani aliyewaambia samaki.

Ofisini, karani wetu mkuu alisikiliza shida yangu akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mwenye ujuzi. "Hiyo ni ng'ambo, bwana. Taka pasipoti, taka barua ya D.C., taka pamiti ya pikipiki. Ukikosa moja, wanashika hiyo kitu, na wewe narudi kwa mguu."

Nikaenda kwa D.C. Karani wa pale akanicheka. "Pasipoti ya nini? Mtu ya kwenda Tanzania kwani ni mtu ya kwenda Ulaya? Enda tu mpaka kwa kizuizi, onyesha kipande yako."

Nikarudi kwa mkuu wangu, akasema yule wa D.C. hajui kitu, ni mtoto wa juzi. Nikaenda kwa mzee mwenye duka la vipuri na mafuta karibu na gati, Mwislamu aliyetoka Mombasa miaka mingi nyuma, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata alipokuwa anakutoza. Nilimwonyesha ratiba yangu. Aliishika mbali na macho, akaisoma yote, akanirudishia.

"Nzuri," akasema. "Umeandika saa ya kufika kila mahali. Saa ya kuharibikiwa umeiweka wapi?"

Nikasema nimeacha nafasi ya saa mbili.

"Mwanangu, mipango si matumizi. Chukua plagi mbili, cheni moja, na waya. Na hizo pesa zako mpya zibadilishe mapema, kule hazitakununulia hata kibiriti."

Nilichukua plagi, cheni na waya. Na kwa kuwa sikujua nimwamini nani, nilitafuta barua kutoka kwa kila aliyekubali kuandika: moja ya ofisini, moja ya chifu, moja ya mchungaji wa kanisa letu akithibitisha kwamba mama ni mama yangu. Pasipoti sikuipata. Niliitafuta wiki mbili na mpaka leo sijui kama ilihitajika.

Lakini hayo yote yalikuwa mambo ya serikali, na serikali ina mwisho. Mila haina. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukimbiana. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, hawali chakula sehemu moja, na mama mkwe halali katika boma la aliyemwoa binti yake, hata mvua inyeshe mawe. Na mimi, karani mwenye rula, nilikuwa nimeandika kwamba Ijumaa saa kumi tunafika na Jumamosi tunakaa. Tunakaa wapi? Mama ndiye aliyeniuliza hivyo.

"Twende na kurudi siku ileile," nikasema.

"Na hiki kitu chako kinachokohoa?"

Ni yeye aliyepata njia. Shangazi mmoja wa ukoo wetu alikuwa ameolewa kijiji cha pili kutoka kwa dada. Kule angeweza kulala bila kuvunja heshima ya mtu. Mchana angekwenda kuketi nje ya lango la mkwe wake, dada amtokee, wazungumze mpaka jua lishuke, kisha arudi kwa shangazi. Mkwe angejificha zake. Nilifurahi kama aliyeokota kisu kilichopotea, na nikaona sasa hakuna kilichobaki.

Kumbe alikuwa bado hajaipanda pikipiki. Jumapili mbili kabla ya Pasaka nilikuja nyumbani tufanye mazoezi uwanjani. Akaizunguka kama anayenunua ng'ombe. Nilimwambia akae mguu huku mguu huku, anishike kiunoni.

"Nikukumbatie kiunoni? Mbele ya watu? Mimi niliyekuzaa?"

Akakaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma na mwingine umeshika kikapu chenye unga, karanga, na jogoo aliyefungwa miguu, kwa sababu mama haendi kwa binti yake mikono mitupu. Juu ya yote alivaa koti la jeshi la marehemu baba, alilorudi nalo kutoka vitani, refu mpaka kwenye vifundo, na usoni akajifunga kitambaa kuzuia vumbi. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye alisema anayetaka kucheka acheke, safari si yake.

Sasa nifike kwenye barua. Niliona haifai kumvamia mkwe bila taarifa, maana mtu aliyefumaniwa na mama mkwe wake anaweza kurukia ziwani. Kwa hiyo nilimwandikia shemeji kwamba mama atakuja Pasaka. Hapo ningetia sahihi. Lakini kalamu ina kiherehere chake, nikaongeza kwamba macho yake yanakwisha na kwamba huenda ni safari yake ya mwisho. Mama alikuwa amenikataza. Nilijiambia kwamba alinikataza kumwambia dada, hakunikataza kumwambia shemeji. Na katika ujanja wangu huo wote nilisahau kuandika kwamba atalala kwa shangazi. Niliandika lisilotakiwa, nikaacha lililotakiwa.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku ili niongeze muda. Kwa kawaida saa nane mchana nilikuwa natumwa posta kuchukua barua za ofisi na zangu. Siku ile saa nane nilikuwa tayari nimepita Rongo, mkia wa shati unapeperuka, nikijisifu kwa muda niliouokoa.

Ijumaa tuliondoka saa moja kasoro, kwa sababu jogoo alijinasua kamba ya miguu tukamkimbiza. Mpakani askari aliinua mkono. Nilitoa bahasha yangu yenye barua tatu. Hakuitazama hata kidogo.

"Hii mama nakwenda wapi?"

"Kwa binti yake."

"Ana karatasi?"

Mama akaniuliza kwa Kijaluo mtu huyu anataka nini. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie mimi ni mama wa yule aliyeolewa huko." Nilitafsiri nikiona aibu. Yule askari akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika kitu kwenye daftari, akatuinulia mti. Wiki mbili za kuhangaika, na neno lililotupitisha ni hilo. Nilichukia, nasema kweli.

Tulifika Tarime tumechelewa saa nzima, plagi ya kwanza imeshakufa. Kutoka hapo barabara inashuka kuelekea ziwani, na kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimeanza, kila bonde lilikuwa na maji yake. Kwenye mto mmoja usio na daraja tulikuta basi lililokuwa likija kutoka upande tunakokwenda. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama kwenye mchanga. Wanaume walikuwa wanasukuma, wanawake wamesimama ukingoni na mizigo yao kichwani. Palikuwa na nafasi ya kupita kandoni. Nikapunguza mwendo, nikashusha miguu yote miwili majini, na tukapita mbele yao polepole, mimi na miwani iliyojaa matope, nyuma yangu koti la jeshi lisilo na uso, na jogoo akipiga kelele.

Wale wanawake waliangua kicheko. Sikuwalaumu.

Mama akanifinya ubavuni. "Simamisha."

"Nini?"

"Kuna mtu amecheka."

"Mama, wamecheka wote."

"Huyo mmoja. Simamisha, mimi sioni mpaka kule. Tazama wewe."

Tulikuwa tunapanda ukingo. Nilijua nikisimama pale mchangani injini itazima, na ikizima huenda isiwake, na mkononi saa ilikuwa inakaribia saa nane wakati karatasi yangu ilisema nimeshatoka Tarime zamani. Niligeuza kichwa nusu. Niliona vitambaa na vikapu. Wala sikufuta miwani.

"Hayupo," nikasema.

"Umetazama?"

"Nimetazama."

Mkono wake ukarudi kwenye chuma cha nyuma. Nilikanyaga gia, tukaenda.

Kwa dada tulifika jua limeanza kulala. Mama aliketi kwenye jiwe nje ya lango, akavua koti, akajipangusa uso, akafunga kitambaa kipya alichokuwa amekificha chini ya unga. Akaweka mikono magotini. Mimi niliingia. Shemeji alinitokea nyuma ya ghala, amevaa suruali yake ya kanisani, na alipoona ni nani aliyeketi nje ya lango alijikunyata kama mtu anayetafuta shimo.

"Shemeji," akanong'ona, "kwani hamkupata barua?"

"Barua gani?"

"Niliwaandikia Jumatatu. Nilisema mama asisumbuke. Mgonjwa wa macho aje kulala wapi hapa, na mimi niko? Alale kichakani? Nimemtuma mke wangu kwenu. Ameondoka leo na basi la asubuhi."

Nilimwuliza basi lipi. Nilimwuliza tena, ingawa nilikuwa nimesikia.

Kumweleza mama niliona vigumu kuliko kumweleza askari. Nilisema kwamba dada amekwenda nyumbani, kwamba tumepishana, kwamba kesho tutarudi mbio na kumkuta. Nilisema kesho, kesho, kama mara tano. Mama aliuliza jambo moja tu: "Mkwe wangu alijuaje kwamba mimi ni mgonjwa wa macho?" Niliinama nikamtoa jogoo kikapuni. Wajukuu wakatoka kumsalimu, akawashika nyuso mmoja mmoja, akiwageuza kwenye mwanga uliobaki. Shemeji, kutoka nyuma ya ua, amemgeuzia mama mgongo kwa heshima, alikuwa akiomba radhi kwa sauti ya kulia. Mama naye aligeuza uso upande mwingine akamwambia kwamba hana kosa, amefanya vizuri. Watu wawili wakasameheana bila kutazamana, na mimi mwenye kosa nikiwa katikati nimeshika jogoo.

Jumamosi mama alitaka turudi kwa njia yake ya zamani, ya Muhuru. Nikakataa. Nilisema pikipiki ina karatasi za njia kubwa, na njia ya miguu haimo kwenye ratiba. Tukachukua njia kubwa. Mto ule mvua ilikuwa imeujaza usiku, tukakaa ukingoni tangu asubuhi mpaka jioni, tukalala kwa watu wema tusiowajua, na Jumapili alasiri ndipo tukafika kwetu. Mlango ulikuwa umerudishiwa vizuri. Jirani alitoka mbio, mikono kichwani.

"Yawa! Mko hapa? Dada yako alilala hapa Ijumaa. Tulipomwambia mmekwenda kwake, alfajiri akashika njia ya Muhuru kuwawahi. Alisema kwa mguu atafika Jumamosi, awakute mkiwa bado mmekaa."

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika: Jumamosi, kukaa. Nilimwambia jirani maneno hayo ya ratiba mimi mwenyewe Alhamisi, kwa majivuno.

Mama aliingia ndani akaenda moja kwa moja kitandani kwake. Shuka ilikuwa imekunjwa. Aliichukua akaipeleka puani. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na njaa, uchovu, na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani, na nilikuwa naogopa asije akanigeukia. Hakunigeukia. Alisema tu kwamba unga umelowa, tuuanike.

Jumanne nilikuwa kwenye meza yangu Homa Bay. Barua ya shemeji ilikuwa juu ya rundo, imefika Alhamisi.

Tulisema tutajaribu tena Agosti. Agosti dada alikuwa mjamzito. Desemba pikipiki ilikuwa imevunjika ekseli na mimi sina likizo. Katika miezi hiyo mama aliacha kuchagua mchele, kisha akaacha kwenda kisimani, kisha akaanza kunitambua kwa hatua zangu. Sikumwandikia dada mambo hayo. Nilikuwa nimejifunza kutoandika, tena wakati usiofaa.

Dada alikuja Pasaka iliyofuata, kwa njia ya Muhuru, mtoto mgongoni. Nilikuwapo. Mama alikuwa amekaa ndani akiuelekeza uso wake kwenye mlango, mahali mwanga unapotokea, ingawa mwanga na ukuta vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja kwake. Dada alisimama kizingitini akasalimu, sauti ikamkatika.

"Usilie," mama akasema. "Cheka kwanza."

"Nicheke nini, mama?"

"Cheka tu. Nataka kusikia."

Dada alinitazama mimi, na kicheko hakikumjia. Nikaona nisaidie. Nikaanza kumsimulia safari ile kwa mzaha, nilivyozoea kuisimulia ofisini: mama amekaa upande, koti la jeshi mpaka kwenye vifundo, uso umefungwa, jogoo anawika kwenye kila shimo. Alianza kutabasamu. Kisha tabasamu likasimama palepale.

"Koti la jeshi?" akasema. "Mtoni, basi letu lilipokwama? Nilifikiri ni mlinzi fulani anapelekwa kazini na kuku wake. Nilicheka mpaka nikaumwaga mzigo wa mtu." Akaweka mkono mdomoni. "Mlikuwa nyinyi?"

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, anaupapasa uso wa dada, paji, pua, kidevu.

"Nilimwambia asimame," akasema, bila hasira yoyote, kama anayetaja hali ya mvua. "Akaniambia ametazama."

Nilitoka nje, nikaiendea pikipiki pale uwanjani, nikafungua plagi, nikaanza kuisafisha, ingawa haikuwa na ubovu wowote.